Tulichokula Tulipokuwa Hatulipwi

Juzi vijana wawili, wapangaji wangu hapa Chikongola, walikuwa wamekaa barazani wananung'unika. Mshahara wa kiwandani kwao umechelewa, na mwenye duka la jirani ameshaanza kuwaangalia kwa jicho la pembeni. Mmoja akanigeukia akasema, "Bibi, nyinyi zamani hamkuwa na shida hizi. Mlikuwa na mashamba." Nikacheka. Kisha nikaona hapakuwa na cha kuchekesha, nikawaambia wasogeze mkeka karibu. Niliyowaeleza siku ile ndiyo haya, na mengine nimeyakumbuka baadaye.

Mimi Somoe nilikuwa mtu wa mkonge. Shamba letu lilikuwa nje ya mji, upande wa kwenda Mikindani, na mimi na mume wangu Issa tuliishi kambini, kwenye nyumba ndefu za vyumba vilivyobebana. Wanaume walikata majani shambani. Kiwandani mashine iliyakwangua ikatoa nyama yote ya kijani, zikabaki nyuzi nyeupe tulizoziita singa. Singa zilioshwa, zikaanikwa kwenye kamba, zikikauka zinaletwa kwetu wanawake, chumba cha brashi. Unashika fungu la singa kwa mikono miwili, unalilisha kwenye gurudumu lenye meno, linachanwa mpaka linang'aa kama nywele za mzungu. Vumbi lake linaingia kifuani. Mpaka leo nikipanda ngazi nalisikia.

Aliyenifundisha ni Bi Zaina, mama mtu mzima aliyekuwa amepoteza vidole viwili kwenye gurudumu lile lile. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, usishindane nalo nguvu. Likivuta, achia." Nikasema nimesikia. Gurudumu lilipovuta mara ya kwanza nikavuta na mimi, kwa woga wa kukatwa mshahara. Bi Zaina alinipiga kofi la mkono nikaachia, na fungu zima likaruka juu, likatua kichwani kwa Mzee Chilumba, nyapara wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Alisimama pale na ndevu nyeupe mpaka kiunoni. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipotoka. Baada ya hapo nilijua kuachia, na mikono yangu mnaiona, vidole vyote vipo.

Jirani yangu kwenye gurudumu, na jirani yangu wa mlango kambini, alikuwa Fidea. Yeye na mumewe Luka walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Walivuka mto vita vilipoanza kule, wakiwa na binti yao mmoja, Anastazia, tukimwita Ana. Wakati ninaousimulia Ana alikuwa na umri wa kama miaka tisa. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na hajui kutembea, yeye ni kukimbia tu. King'ora cha jioni kikilia, alitoka mbio kambini kwenda kumpokea baba yake njiani ambebee panga. Watoto wangu wawili, Halima na mdogo wake, walimfuata nyuma na hawakuwahi kumfikia.

Sasa mambo yaliharibika hivi. Kamba za nailoni zilikuwa zimeingia duniani, mkonge ukashuka bei, na tajiri wa shamba letu akaanza kubabaika. Wakati ule kila mfanyakazi alikuwa na kipande, kadi ya kutiwa alama kila siku unapomaliza kazi, na kipande kikijaa unalipwa. Vipande vyetu vikajaa. Karani akatoka kwenye baraza ya ofisi, akasema, "Mzigo haujauzwa. Subirini." Tukasubiri, tukaendelea kufanya kazi. Mwezi uliofuata akatoka tena na maneno yale yale. Posho ya unga na maharage tuliyokuwa tukipewa kila Jumamosi ikawa unga mtupu, kisha ikawa nusu, kisha wakaacha kuifungua stoo.

Mtaniuliza kwa nini hatukuondoka. Vijana wale waliniuliza. Karani alikuwa ametangaza kwamba atakayeondoka kabla ya malipo amejifukuza mwenyewe, na cha nyuma asikidai. Kwa hiyo kila mwezi uliopita ulitufunga zaidi, maana kilichokuwa kimelala ofisini kilikuwa kinaongezeka. Issa alitaka twende kwa kaka yake, Naliendele, tukalime. Nikamwambia, "Baba Halima, tukiondoka leo, jasho lote lile tumewaachia." Asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Kwa Luka na Fidea hilo halikuwa hata swali. Kwao palikuwa ng'ambo, na ng'ambo palikuwa panawaka moto.

Issa alikuwa na baiskeli. Aliiuza kama watu wanavyokula samaki mkubwa, kipande kipande. Ikatangulia taa, ikafuata keria, kisha tairi za akiba, kisha tandiko. Kwa muda aliiendesha amesimama, na kambini wakamwita Imamu kwa kuwa kila wakati amesimama kama anayehutubu. Tulicheka sana. Siku alipouza fremu yenyewe alirudi kwa miguu na kibaba cha mchele mkononi, na hapo hakuna aliyemwita jina lolote.

Mambo mengine hayaonekani mpaka umeishi ndani yake. Tuliacha kupigiana hodi mchana. Kwetu mtu akipita wakati wa chakula anakaribishwa, na asipokaribishwa ni aibu ya mwenye nyumba. Basi kila mmoja akajifunza kupita mbali na mlango wa mwenzake saa hizo. Kambi nzima ilikuwa kimya adhuhuri, watu wamejifungia, si kwa kuficha chakula. Walikuwa wanaficha kwamba hakipo.

Kiangazi kilipoiva tukaingia porini kuchimba ming'oko. Nyinyi mnainunua sokoni kwa mafungu, imeshachemshwa, mnaila na chai kama starehe. Kuichimba ni kazi nyingine. Unafuata mmea uliokauka mpaka shina lake, unachimba kwa mti uliochongwa ncha, udongo mgumu kama saruji, na mizizi yenyewe myembamba kama kidole. Asubuhi nzima unapata ya kula jioni moja. Na tulipokuwa wengi tunachimba pori moja, ikawa mbali, kisha ikaisha.

Mimi nina bahati ya kuzaliwa pwani. Maji yakitoka, nilishuka na Halima kwenye mikoko kuokota chaza na tondo, wale konokono wa topeni. Tulichemsha, tukala na chochote kilichokuwepo. Nilimwita Fidea twende wote. Akaja mara moja, akasimama ukingoni na kanga yake kaikusanya juu ya magoti, hataki kukanyaga tope. "Mama Halima," akasema, "mimi maji ninayoyajua ni ya mto. Haya yanayoondoka na kurudi yenyewe siyaamini." Nilimpa bakuli la chaza akampelekee mwanawe. Ana alipotia kinywani alitapika. Nikampa tena kesho yake, akatapika tena. Tukaacha. Wanangu hawakuwa na akili kuliko Ana. Walipenda chaza, basi.

Kilichobaki kwa kila nyumba kilikuwa muhogo. Pembezoni mwa shamba tuliruhusiwa kulima vijaruba, na wengi tulipanda muhogo mchungu kwa sababu nguruwe hawaugusi. Muhogo mchungu una sumu. Bibi zetu walijua hivyo, na walijua dawa yake. Unamenya, unaloweka kwenye maji siku kadhaa mpaka unalainika na kutoa harufu, unamwaga yale maji, unaanika juani mpaka ukauke vizuri, ndipo unatwanga. Sikilizeni hapa, nyinyi mnaonunua unga kwenye mfuko na hamjui ulikotoka. Siku zile za kuloweka si uvivu wa wanawake. Ndizo zinazoitoa sumu.

Lakini maji yalitoka wapi? Bomba la kambi lilitegemea pampu, pampu ikategemea dizeli, na dizeli ilikuwa inanunuliwa kwa kubembeleza. Iliyopatikana ilipeleka maji kiwandani, maana mkonge haukwanguliwi bila maji mengi. Kambini tukapata ndoo moja kwa nyumba, na siku nyingine hata hiyo hakuna. Kisima kilikuwa mbali, na sisi tulikuwa kazini tangu alfajiri, kwenye kazi isiyolipa.

Jioni moja nilimkuta Fidea nyuma ya nyumba. Ameparuza muhogo aliong'oa juzi yake tu, ameukamua kwa mikono, ameuanika juu ya bati, na sasa anautwanga haraka haraka.

"Mama Ana, huo haujakaa," nikamwambia.

Hakuacha kutwanga. "Maji ya kuloweka nitayatoa wapi? Na huyu atakula nini siku zote hizo nikisubiri?"

Nyumbani kwangu nilikuwa nafanya vile vile, na nyumba ya tatu, na ya nne. Mara nyingine baada ya kula kichwa kiliuma, tumbo likasokota, mtu akalala kidogo, akaamka. Tukasema ni njaa.

Ugali ule Fidea aliupika mweupe kabisa. Nilimwona anavyougawa kwa sababu milango ya chumba chao na chetu ilitazamana. Luka alipewa fungu la mtu wa kazi. Lililobaki aliliweka mbele ya Ana. Yeye mwenyewe alikwangua ukoko kwenye sufuria, akanywa maji. Ana alipomaliza, Fidea alimwambia, "Ongeza, mwanangu, ule ukue." Ilikuwa hivyo kila jioni.

Ilikuwa asubuhi, king'ora bado hakijalia. Fidea alisimama mlangoni kwangu, hakupiga hodi. "Mama Halima, njoo umwone Ana."

Nilimkuta mtoto amekaa ukingoni mwa kitanda, anacheka. "Miguu imekufa ganzi, mama mkubwa," akaniambia. Jana yake alikuwa ametembea mpaka kisimani na kurudi na ndoo kichwani. Tukamwinua. Miguu ilikuwa imekakamaa kama ya kuchongwa, magoti yanagongana, anasimama kwa ncha za vidole. Akaanguka. Akacheka tena, tukamwinua tena. Alipoanguka mara ya tatu aliutazama uso wa mama yake, na kicheko kikaisha.

Hakuwa na homa. Hakuumia popote. Mikono ilikuwa na nguvu zake zote, maana alinishika shingoni nikaona ananikaba. Luka hakwenda kazini siku ile. Alimbeba mgongoni, Issa akafuatana naye, wakapokezana mpaka hospitali mjini. Walirudi jioni wakiwa bado wanapokezana. Daktari alikuwa amempima vizuri, akampa vidonge vya kuongeza damu, na akawaambia kwa upole kwamba miguu ile haoni kama itarudi. Hakuwaeleza sababu. Sidhani kama wakati ule kulikuwa na mtu hapa kwetu aliyeijua.

Kambini wakaijua wao. Wako waliosema ni mzimu uliowafuata kutoka ng'ambo, wako waliosema Luka alikanyaga kitu kilichotegwa kwa mwingine, mtoto akakipokea. Mganga mmoja alimwambia Fidea alete kuku mwekundu. Fidea alikuja kwangu kuniuliza kama najua mtu mwenye kuku. Kambi nzima haikuwa na kuku hata mmoja, tulishawala wote, wekundu kwa weupe. Nakumbuka tulitazamana, tukaanza kucheka kwa hilo, na yeye akalia katikati ya kicheko.

Na akazidi kumlisha. Ana akisema ameshiba, Fidea alimbembeleza, "Kula, upate nguvu ya kusimama." Fidea mwenyewe alikuwa amekonda mpaka kwenye gurudumu mikono ilitetemeka. Bi Zaina alimtoa kwenye brashi akampa kazi ya kufagia singa zilizoanguka, akamwambia nyapara, "Huyu hana nguvu za kuvuta wala za kuachia." Mzee Chilumba alimtilia alama kwenye kipande kila siku kama anayefanya kazi nzima. Alama zenyewe siku zile hazikuwa na thamani yoyote, lakini ndicho alichokuwa nacho cha kutoa.

Malipo yalikuja. Msifikiri hayakuja. Shamba lilibadilisha mikono, wakaja watu wa serikali na meza, tukapanga foleni pale pale kwenye baraza. Tulilipwa sehemu. Nyingine wakasema itafuata, na mimi sijui ilifuata nani. Fidea alipopokea alikwenda moja kwa moja mjini akarudi na mchele, nazi na samaki changu. Akapika, akapiga hodi milango yote mitatu ya jirani mchana kweupe, tukala pamoja. Ana alikaa kati yetu na magongo mawili aliyochongewa na baba yake, laini sana, yamepigwa msasa na kupakwa mafuta. Luka alikuwa na mkono mzuri wa kuchonga. Kila mtoto alivyorefuka alimchongea mengine.

Vita vya ng'ambo vilipokwisha, na watu huku kwetu walipokuwa wanahamishiwa vijijini, Luka akachagua kwenda Kitaya. Hakurudi kwao, lakini alitaka kukaa mahali anapouona mto. Lori lilikuja kambini. Akampandisha Ana juu kwa mikono, akamkalisha kwenye magunia. Ana alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, na aliinamisha uso kwa sababu vijana walikuwa wanatazama. Kwetu sisi, Issa alikuwa amepata kibarua bandarini, tukabaki mjini.

Miaka mingi ikapita. Siku moja nilikuwa kwa mawifi zangu upande wa Naliendele, wakaja watu wa afya kuzungumza na akina mama. Walisema muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ukiliwa kila siku bila samaki wala maharage, unaweza kumpooza mtu miguu ghafla, hasa watoto na wanawake. Mmoja akasimama akaonyesha mgonjwa anavyotembea, kwa ncha za vidole, magoti yanagongana. Nilikaa pale mpaka watu wote walipoondoka. Wifi yangu akaniuliza kama naumwa.

Sikumpelekea Fidea habari hiyo. Sikuona angeifanyia nini.

Fidea alikufa kabla ya mumewe. Nilikwenda Kitaya kwa mazishi, nikakaa siku chache. Kesho yake baada ya kuzika, nilikuwa nimekaa na Ana kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa mama mtu mzima sasa, anaishi kwa kusuka mikeka, na watu walikuja kuinunua hata kutoka mjini. Magongo yalikuwa ubavuni mwake. Tulizungumza mambo ya kambi, ya king'ora, ya mume wangu na baiskeli yake. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ukindu:

"Mama aliambiwa ilikuwa muhogo. Watu wa afya walipita na huku."

"Alisemaje?"

"Toka siku hiyo akawa hakai nami ninapokula. Ananiwekea chakula, anatoka nje."

Upande wa pili wa ua Luka alikuwa anazungumza na wanaume, sauti yake imechoka.

"Mama mkubwa," Ana akaniuliza, "wakati ule kambini, yeye alikuwa anakula nini?"

Nikafikiri nimdanganye. Lakini alikuwa mtu mzima na mama yake alikuwa ameshazikwa. "Alikuwa anakwangua sufuria," nikamwambia. "Fungu lake alikuwa anakupa wewe."

Alisuka mistari kadhaa, akibana ukindu kwa kidole gumba.

"Mimi ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nashiba," akasema. "Kina Halima walikuwa wanalia njaa, nawasikia kutoka kwetu. Mimi kila siku nalala nimeshiba. Nilikuwa najiona mtoto wa tajiri."

Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia mama yake maneno hayo.

Akatikisa kichwa, akavuta ukindu mwingine.